Siku ya Kumi na Nusu

Dundee, ghorofa ya chini. Saa kumi jioni
na jua limeshakwenda; Januari hapa haina aibu.
Seva zinavuma kama tumbo la mtu mwenye njaa
nami nafungua boksi lililokuja kwa posta kutoka Winnipeg:
diski tatu, daftari lenye doa la chai,
na kikaratasi: *Samahani kwa vurugu. Nastaafu Ijumaa.*
Bwana Kasprzak. Miaka thelathini na mmoja
akipiga picha viinitete vya panya,
kila kimoja hakizidi punje ya mchele.
Mafaili kayapa majina: mwisho,
mwisho kabisa,
mwisho kweli safari hii.

Uso, kwa asiyejua, hauanzi kama uso.
Ni vinundu vitano vinavyotafutana gizani,
kila kimoja na upande wake.
Vikikutana vikashikana, basi,
mtu kapata mdomo wa kumsengenya jirani.
Visipokutana, hata kwa upana wa unywele,
ndiyo mimi.

Huu hapa mshono, juu ya mdomo, kushoto.
Shuleni Korogwe niliitwa Sungura mpaka darasa la saba.
Majirani walisema mama alishika kisu
usiku ule mwezi ulipopatwa.
Siwalaumu. Walikuwa na kisa kimoja tu,
na kisa kimoja huzaa mchawi.
Vingekuwa elfu kumi, vimepangwa, vimehesabiwa,
mama angelala usingizi.

Kwa hiyo tunapanga.
Na kupanga ni ugomvi, msidanganyike.
Toronto wanaanza kuhesabu siku asubuhi ile ya kwanza,
sisi tunaanza usiku wa manane,
Leeds hawana habari na saa, wanahesabu pingili za mgongo.
Wote wanaandika: *siku ya kumi na nusu*.
Wiki sita tumegombania nusu siku
hadi Dokta Rintoul akapiga meza, kahawa ikaruka:
«Nusu siku ndiyo mdomo wenyewe!»
Kimya. Kisha Leeds wakakubali kununua saa.

Kwetu sura ni uso, na sura ni mlango wa kitabu.
Nimejaribu kuwaeleza. Wakatabasamu.
Lakini ndiyo kazi yangu: kurasa zilizotawanyika
maabara kumi na nne, kila moja imekaa na sura yake,
hakuna aliyesoma kitabu.

Panya hawaulizi. Watu huuliza.
Futa jina, futa tarehe, futa mtaa,
uso unabaki, na uso ndio jina.
Bi. Petrie alipiga simu kutoka Lochee:
«Picha ya Effie, nani ataiona?»
Nikamwambia mlango una kufuli mbili, moja ni yake.
«Na nikibadili mawazo?»
Tutaitoa, nikasema. Lakini kilichokwisha kusomwa
hakisomeki kinyumenyume.
Nilisikia birika lake likichemka, likajizima.
«Haya, iwekeni. Ila muandike kwamba anapiga mluzi.
Tangu Jumapili. Hatulali.»

Jedwali halikuwa na safu ya mluzi.
Sasa inayo.

*Hujafa hujaumbika*, walisema waliotangulia,
wakimwonya anayecheka kilema cha mwenzake.
Mimi naisikia vingine usiku huu,
diski ya pili ikiwa asilimia sitini na mbili:
kwamba kuumbika hakujakoma, hata kwetu sisi tulioshonwa,
hata kwa hili ghala
linalokohoa, linalokwama, linaloomba nywila upya.

Saa mbili. Mlinzi amepita, ameuliza kama nina kwetu.
Nafika kwenye kiinitete namba 4417.
Kinundu cha kushoto hakikufika.
Pembeni, kwa penseli, Kasprzak ameandika:
*Sijui kwa nini. Atakayekuja atazame.*

Nimewasha taa ya pili.