Kilo Saba Kasorobo

Umeniuliza, Mwajabu, kama kazi hii ni kazi,
nami mguu mmoja nimeutia ndoo ya maji ya chumvi,
kiatu kimenichubua kisigino tangu Barabara ya Nane.
Ngoja nijifute, nikujibu.

Mkoba nimeupima Ngamiani
kwa mizani ya muuza mchele. Akacheka:
"Saba kasorobo, dada. Umebeba mtoto?"
Nimebeba sampuli za shinikizo la damu,
kalamu thelathini zenye jina la kidonge,
na kalenda ya mwaka
ambao mkataba wangu hautaumaliza.

Kadi ya shingoni ina majina mawili:
juu, kwa buluu, kampuni ya dawa;
chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, wakala aliyeniajiri.
Kampuni hainijui. Wakala yuko Dar,
ananijua kwa asilimia.
Machi nilikuwa tisini na mbili.
Aprili mvua ikakata barabara ya Lushoto,
nikawa sitini na nne.
Hakuna aliyeniuliza habari ya mvua.

Umesikia kuna gari. Gari lipo,
la wale walioandikwa na kampuni yenyewe.
Mimi narudishiwa nauli kwa risiti,
na ni bodaboda gani wa Makorora anayetoa risiti?

Kusubiri hawakufundishi kwenye semina.
Unakaa benchi moja na wagonjwa,
wanakutazama koti wanadhani wewe umeshapona.
Mlango unafunguka, Daktari Shebughe anasema, "Dakika mbili,"
nawe una maneno ya dakika tano.
Zamani niliyakimbiza yote
kama mtoto wa chuoni anayewahi kucheza.
Siku hizi nasema jambo moja, nanyamaza.
Ile tisini na mbili niliipata kwa kunyamaza.

Sasa la Pongwe.
Nipo dukani kwa Mhina, nahesabu boksi zetu kwenye shelfu,
akaingia mama wa makamo na cheti.
Kidonge changu. Nililijua jina kabla hajaikunjua karatasi,
nikaujua mwandiko,
na, Mungu nisamehe, nikaujua wino: kalamu yangu.
"Elfu ishirini na nane," Mhina akasema.
Mama akafungua pindo la kanga, akahesabu,
akahesabu tena, kana kwamba noti huzaana zikishikwa.
"Basi nipe vya siku kumi."

Mhina akanitazama.
Mimi nikaitazama kalenda yangu ukutani kwake.
Shelfu ya chini kulikuwa na dawa ileile,
jina jingine, elfu sita.
Nimesomea famasia miaka mitatu, Mwajabu.
Ileile ni ileile.
Nikasema, "Mama, muulize kile cha boksi la kijani."

Mwezi ule nilipata sitini na moja.
Sisemi ni kwa sababu hiyo, boksi moja halimwangushi mtu.
Ila tangu siku ile, nikifika Pongwe,
Mhina hunivutia kiti.

Mshahara? Unaingia, ukichelewa ni wiki.
Umemfikisha Hizza kidato cha nne,
umeezeka nyumba ya mama kule Muheza,
bati jipya mpaka jikoni.
Bima haipo. Nauza dawa, nikiugua nanunua.
Shemeji wa kiwanda cha saruji anasema
hiki ni kibarua kilichovaa koti.
Sikumpinga. Nilikuwa nalipiga pasi.

Mkataba mpya umekuja kwa simu, Januari hadi Juni,
wanautaka na saini kabla ya Ijumaa.
Nimeuchapisha Chumbageni, shilingi mia mbili kila ukurasa,
uko hapa mezani, nimeuegemezea chupa ya chai usipeperuke.
Sijausaini. Sijauchana.

Njoo kesho saa moja, vaa viatu bapa.
Utanibebea mkoba hadi Barabara ya Ishirini na Moja,
jua likiwa kichwani, bila kuuhamisha bega.
Tukifika, niulize tena.