Jalada Jeusi, Nakala Nne

Ndimyake ameingia saa saba, jasho shingoni,
karatasi kifuani kama mtoto mwenye homa.
"Fundi, nne. Jalada jeusi, herufi za dhahabu.
Saa kumi ofisi inafungwa."
Huku Savei kila mwaka, mwezi huu ni hivi:
elimu yote ya Mlimani hushuka kwangu
ikiwa haina mgongo.

Mimi nasoma vichwa tu. Ndiyo shule yangu.
Nimejalidi malaria, nimejalidi mwani,
migogoro ya ardhi, na mara mbili mapenzi katika methali.
Hiki cha leo kinasema:
Mwelekeo wa Tafiti za Mafunzo ya Ufundi Duniani,
Miaka Thelathini.
Nikacheka kidogo, puani.
Kumbe na sisi tumo.

Sikudhani anapanga kurasa, anazigonga mezani
ubavu huu, ubavu ule, mpaka ziwe tofali.
Shule aliachia kidato cha pili; mwaka wa pili huu yuko nami
na bado simruhusu kisu kikubwa.
Amekwama ukurasa wa themanini na moja.
"Fundi, hii nini?"

Ramani isiyo na bahari.
Nchi ni miduara, na kati yake nyuzi:
nani kaandika na nani, nani kamnukuu nani.
Miduara mingine minene kama sinia za pilau,
nyuzi zimesongamana hapo kama nywele kwenye kitana.
Ndimyake anaeleza, mkono hewani:
makala maelfu, kompyuta imezipitia zote usiku mmoja;
zamani waliuliza sana juu ya viwanda,
siku hizi wanauliza juu ya dijitali,
na kama kijana akimaliza atapata kazi
au atapata tu kumaliza.
"Na sisi tuko wapi?"
Akainama, akatafuta kwa ncha ya kalamu.
Kijitone. Uzi mmoja, mwembamba, unakwenda mbali.

Sikudhani akasogeza jicho.
"Hapa," akasema, "sindano imepita."

Ndimyake alifungua mdomo,
akaufunga.

Mimi nilifunzwa na Mkumbukwa, Kariakoo, chumba cha nyuma.
Mfupa wa ng'ombe wa kukunjia karatasi
ulikuwa pia wa kunigongea vidole.
Miezi sita sikugusa gundi, niliinusa tu:
"Ikinuka hivi, bado. Ikinuka hivi, umechelewa."
Siku ya kumaliza hakunipa cheti. Alinipa ule mfupa.
Nami nimefunza saba. Mmoja yuko Lindi, ana kibanda chake,
wawili wamehamia bodaboda,
mmoja alikufa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.
Dodoso gani lingewakuta hao,
na kwenye kisanduku gani ningewatilia alama ya vema?

Lakini nisimwonee kijana wa watu.
Miaka mitatu macho yake yamelala kwenye hesabu hii,
naye ana sugu yake, kwenye kifundo cha mkono,
ya kusugua meza na kipanya.

Saa tisa na nusu. "Fundi, haiwezi kukauka upesi?"
"Gundi haijui ofisi inafungwa saa ngapi."
Kisha, sijui kwa nini leo,
nikampa Sikudhani kisu kikubwa.
Akapumua. Akashusha.
Ukingo ukatoka laini, mweupe,
kama mgando uliokatwa kwa kijiko.

Ndimyake akachukua nne, dhahabu bado ya moto,
akalipa tatu.
Ya nne, Ijumaa.
Ukurasa uliochapwa vibaya, ule wa miduara, aliuacha.
Sikudhani ameukata vipande, amevipaka gundi,
amevibandika ndani ya mgongo wa daftari letu jipya la madeni,
mahali ambapo macho hayafiki.
Amelikandamiza kwa matofali mawili.

Asubuhi alilifungua. Halikulia.
Mstari wa kwanza, mwandiko wake wa kidato cha pili:
Ndimyake, nakala moja, Ijumaa.