Bandari ya Themanini

Mashine ilikuwa ya shule, kule Mtamuini.
Kioo kilipokufa wakaniuzia kwa elfu mbili, na betri mbovu.
Kioo sikihitaji. Seva haijitazami.

Nimeiweka ghorofani, juu ya kasha la marehemu baba,
waya nimeupitisha kwenye kidaka
alimokuwa akiweka sindano.
Naiamrisha kwa simu.

Kwanza, sasisha orodha ya ghala.
Ghala lenyewe sijui liko nchi gani,
ila kila kifurushi kimetiwa muhuri,
na mashine huukagua muhuri kabla haijafungua,
kama Bwana Bunu dukani kwake anavyoipindua kofia
atazame upande wa ndani kwanza:
uongo wa mshoni hukaa ndani.

Kisha nikaita: sakinisha enjineksi.
Nimealika mgeni mmoja. Akajibu hawezi kuja peke yake,
ana wategemezi kumi na mmoja
na wote wataka pa kulala.
Waendelee? Ndiyo, au hapana?
Nani Langoni amewahi kusema hapana
mgeni akishafika dakani na mizigo yake?
Ndiyo.

Asilimia arubaini na tatu, umeme ukakatika.

Uliporudi, mashine ikanikaripia:
maliza kwanza ulichokiacha nusu.
Nikamaliza.

Sasa faili la usanidi. Hapa ndipo nyumba hujengwa.
Daka ni la kila apitaye: picha mia mbili na kumi na nne
za ruwaza za kofia, nilizopiga moja moja
mchwa wakiwa wameshaanza pembeni mwa karatasi.
Lakini ndani ni ndani.
Daftari la madeni, barua za mama, nywila,
hayo hayatoki dakani hata mgeni awe nani.
Bandari ya themanini iwe wazi.
Nyingine zote, komeo.

Nikaiwasha. Ikakataa.
Mstari wa ishirini na sita, nukta-mkato imesahauliwa.
Baba angecheka.
Aliwahi kufumua kazi ya miezi miwili
kwa tundu moja lililorukwa,
akaanza upya, hakusema kitu, hata chai hakuomba.

Nikatia nukta-mkato. Ikawaka.
Nikabisha hodi. Ikajibu:
mia nne na tatu, umekatazwa.
Mimi! Kwenye nyumba niliyoijenga!
Saa nzima natafuta, kumbe folda nimeimiliki peke yangu;
nimeajiri mtumishi awaandalie wageni
na ufunguo wa stoo nimeufunga kibindoni.
Ruhusu kusoma.
Kuandika, usiruhusu.

Mama akauliza toka chini, "Sasa hicho chafanyani?"
"Chasimama mlangoni. Mtu akipiga hodi, chamwonyesha kofia."
"Na asipopiga?"
"Changoja."
"Haya," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Asubuhi nimesoma kumbukumbu, maana kila hodi huandikwa.
Roboti za mbali, zikijaribu makomeo usiku kucha.
Mtu mmoja, ruwaza ya hamsini na tisa, akaenda zake.
Na saa tisa kasoro robo, alfajiri bado,
ruwaza ya sabini na moja,
ile ambayo baba hakuimaliza.

Anwani haikutoka mbali.
Imeanza na mia moja tisini na mbili,
namba za humu humu ndani.
Nyumba hii ina simu mbili,
na yangu ilikuwa imezimwa.

Mara ya kwanza seva ilijibu mia mbili:
hii hapa, chukua.
Baada ya dakika nne akabisha tena, akaomba ileile.
Kisha tena. Mara nane.
Na mara zote nane seva ilimjibu, kwa adabu yake,
mia tatu na nne:
haijabadilika.