Sekunde Kumi

Daktari alisema mifupa yangu inageuka sifongo
na sukari imepanda. Akaniandikia vidonge,
kisha, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa:
"Nyanyua kitu kizito, Bi Haykanush. Kizito kweli."

Nilidhani ananitania.
Miaka thelathini na moja kiwanda cha soksi, Gyumri,
kipi sijakinyanyua?

Ukumbi wa Razmik uko nyuma ya kinyozi:
mawe meusi, jiko linalokohoa,
vijana wenye shingo pana kuliko vichwa.
Walinyamaza kwa adabu,
kama mbele ya mtu aliyekosea msiba.

Nilianza na chuma kitupu.
"Hii si mbio ya kuhema njia nzima," Razmik akasema.
"Hapa pumzi haiwahi. Msuli hausubiri hewa,
unachoma akiba yake, sukari iliyofichwa nyamani,
sekunde kumi, ishirini,
halafu unahema kulipa deni."

Hilo nalijua.
Majira yale ya baridi yasiyo na umeme
tulichoma sakafu, ubao kwa ubao,
kisha rafu, kisha kiti cha baba.
Hakuna kilichoingia kutoka nje.
Tuliishi kwa kilichokuwamo ndani.

Basi nikainama.
Magoti, mgongo bapa, macho ukutani.
Mapaja yakawaka, dunia ikapungua
ikabaki upana wa viganja viwili.
Wanasema haraka haraka haina baraka.
Hii inayo, lakini inakuuma ngazini kesho yake,
na unapofika choo unakaa kwa kudondoka.

Kufikia Pasaka, kilo hamsini.
Binti wa maabara alipima sukari mara mbili,
hakuamini mashine.
Usingizi umerudi, mzito, usio na ndoto.
Mifupa? Picha yake ni mwakani. Sijui.

Juzi Satenik, dada yangu, aliteleza bafuni.
Zamani ningepiga kelele dirishani,
ningengoja wanaume wa ghorofa ya pili.
Nilipanga miguu. Nikameza hewa moja.
Nikamwinua, kilo sabini na nane za malalamiko,
nikamkalisha kitini.

Alijitazama kwapani, kulia, kushoto.
"Haykanush," akasema, "umenipaka chaki
gauni zima."