Maji Yatapita Wapi

Jumamosi saa tisa, Byamungu akishafunika cherehani,
tunasogeza nguo za watu, suruali zisizo na pindo,
tunafunga uzi toka msumari hadi msumari
na kuanika michoro kwa vibanio.
Nje, Kadutu yote inapiga kelele za soko.
Ndani hakuna msanii.

Yupo Murhula, mlinzi wa famasi,
anayechorea upande wa ndani wa maboksi ya dawa:
geuza uso wa bibi yake, utasoma
*vidonge viwili, mara tatu, baada ya kula*.
Yupo Wabiwa mwalimu, vidole vyeupe kwa chaki
hata siku isiyo na shule.
Yupo Nsimire, muuza sambaza,
ambaye mwaka wa pili huu hajachora kitu
ila sambaza.
Na mimi, karani wa stoo ya saruji,
mwenye rula.

Sheria ni moja: mwenye mchoro hasemi
mpaka birika liishe.

Kwa hiyo Wabiwa anaambiwa mtoto wake ana shingo ya twiga,
anameza chai, na neno analimeza humo humo.
Kwa hiyo mwezi jana nilipomwambia Nsimire,
"Samaki wako wote wananitazama,"
alikaa, akapuliza kikombe, akakaa,
na tone la mwisho lilipotoka akasema,
"Ndivyo wanavyonitazama mimi
jua likizama hawajanunuliwa."

Kisha ikafika zamu yangu.
Mteremko wetu, nyumba mia na tatu. Nilizihesabu.
Kila bati na mifereji yake,
kila dirisha pembe nne kamili.
Siku kumi na moja nilichora. Nilingoja sifa, kwa nini nifiche?

Murhula alisema, "Safi."
Safi si neno. Safi ni sahani.
Wabiwa alisema nimekaza sana mkono.
Nsimire akasogea, harufu ya ziwa ikamtangulia,
akanyoosha kidole, hakugusa karatasi,
juu ya nyumba ya tano kushoto:
"Mama wa hapa akimwaga maji ya vyombo,
yatapita wapi?"

Birika lilikuwa nusu.
Sijawahi kunywa chai ndefu vile.

Nilipanda nyumbani nikimjibu njia nzima.
Muuza samaki anajua nini habari ya pembe?
Nani alimpa kipimo? Nilimshinda mara tatu
kabla ya kufika mlangoni.

Usiku mvua ikaja bila hodi.
Nikalala nikiyasikia:
yanatoka kwa jirani wa juu,
yanapita nyuma ya kichwa changu,
yanaingia kwa jirani wa chini kama mgeni aliyezoea,
na povu, na majani ya chai, na ndara moja ya mtoto.
Kila nyumba huipa ya chini yake
ilichopewa na ya juu.
Na udongo nao, kidogo, kidogo,
unayafuata.

Nikawasha tochi ya simu. Kifutio hakipo.
Nikafinya tonge la mkate, nikaanza kufuta.
Rula niliiacha chini ya kitanda
ikinywa maji.
Hadi alfajiri nyumba arobaini zilikuwa zimeinama,
nyingine zimeegemeana
kama watu wanaosubiri habari mlangoni mwa hospitali.

Jumamosi nikaanika tena.
Karatasi imechoka, imetoboka mahali pawili,
na chembe moja ya mkate bado imeng'ang'ania paa.
Murhula hakusema safi.
Nsimire alitazama mpaka kikombe chake kikapoa.
"Sasa naogopa," akasema.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza hata kutabasamu.

"Ila mlango wa tano ni mtupu.
Nani anayamwaga?"

Nikatikisa birika: bado zito.
Byamungu, ambaye hajawahi kuchora hata mstari,
alikuwa pembeni akiuliza kama tutamrudishia uzi wake.