Sasa, Juu ya Moyo

Siku ya sitini na moja, na bado huna jina.
Kwenye kadi ya kliniki wameandika Binti wa Kisimba
kwa biki ya kijani,
kama mzigo uliokwama Kasumbalesa
ukimngoja mwenyewe.

Shangazi zangu wa Katuba hawana shaka:
mtoto anayelia usiku anadai jina lake.
Walikuja na bakuli la maji, wakakuzunguka,
wakakuitia wafu wetu mmoja mmoja.
Mujinga. Ukalia.
Kyabu. Ukalia zaidi.
Walipofika kwa mama yangu, Memory,
mzaliwa wa Ndola,
aliyetukaripia kwa Kiingereza
na kutubembeleza kwa Kibemba,
ukanyamaza.

(Mimi niliona tu kwamba umekipata kidole chako.)

Basi, wakasema, ni yeye. Amerudi.
Wakaomba bukari.

Baba yako alisimama mlangoni
na viatu vyake vya tanuru, vumbi la shaba shingoni,
hakusema neno mpaka wageni wakatoka.
Kisha, kwa Kiswahili alichokiokota kazini:
"Kwetu jina ya mukubwa haiguswe.
Ya babu yangu niliijua siku ya kumuzika,
niliisoma kwa jiwe.
Sasa huyu nitamukaripia namna gani?
Memory, toka mu matope! Memory, acha kula udongo!
Hapana. Ule ni mama yako."

Nilicheka, halafu sikucheka.

Kwetu jina la marehemu hutiwa vinywani mwa wengi
lisije likapoa.
Kwao hufunikwa, kama chungu,
mvuke usipotee.
Nami nimekaa katikati
maziwa yakinilowesha blauzi.

Mama mkwe anapiga simu kutoka Hunan,
uso wake umejaa kioo chote.
Anataka saa uliyozaliwa, na dakika,
apige hesabu zake.
Saa! Liang, mwambie umeme ulikuwa umekatika,
mkunga alikuwa na tochi mdomoni,
hakuna aliyetazama ukutani.
Liang anatafsiri maneno mengi kuliko niliyosema.
Mama mkwe anaitikia kwa kichwa, taratibu,
kisha anauliza kama ninakula vizuri.

Usiku ule ulilia mpaka majirani wakagonga ukuta.
Baba yako akakubeba, huku na huko,
kati ya jiko na ndoo ya maji.
"Memory," akaninong'oneza, kwa woga,
kama anayeomba radhi. "Maana yake nini?"
Kumbukumbu, nikasema. Kumkumbuka mtu.

Akasimama.
Akachukua biki, akageuza ankara ya umeme,
akaandika upande usio na deni.
Juu, akanionyesha, ni sasa.
Chini, ni moyo.
Vyote pamoja, Nian.
Akaitamka ikishuka,
kama mtu anayetua mzigo bila kuuangusha.
"Ni kuwaza mutu mwenye hayupo.
Tena ni kusoma kwa sauti."

Sikumwambia, sikuweza wakati ule,
kwamba mama yangu alisoma kwa sauti kila kibandiko
cha kila kitu kilichovuka mpaka:
kopo la maziwa, blanketi, dawa ya viatu,
akitulazimisha kurudia, herufi kwa herufi,
sisi watoto wa Kifaransa cha shule.

Kwa hiyo hatukuligusa jina lake.
Tuliugusa moyo wake tu,
tukaweka sasa juu yake.

Shangazi hawajaafiki. Baba yako akiwa zamu ya usiku
wanakuita Memory, na wewe, msaliti,
unawachekea.

Leo, komini, foleni imefika kwetu.
Karani anaandika polepole, ulimi nje:
N, I, A.
Anainua kichwa. "Nia. Jina nzuri. Imeisha?"

Liang ananitazama. Nami nakutazama wewe,
umelala, kidole kimo.

Bado, nasema. Herufi moja.

Akaiongeza ukingoni, ndogo, imeinama kidogo,
kama mgeni aliyechelewa
anayesogezewa kiti.