Jumatano, Siku ya Pipa

Ufunguo umeusahau mlango.
Selwyn anasukuma, anatikisa, anatukana kidogo,
mwishowe kitasa kinalegea kama mtu aliyekatiziwa usingizi
na nyumba inatupumulia usoni
harufu ambayo kumbe ndiyo yetu:
majivu baridi, makoti ya mvua,
blanketi la mbwa tuliyemzika mwaka juzi.
Miaka thelathini humu sijawahi kuinusa.
Ilinibidi kwenda mpaka Sisilia.

Oamaru, Julai. Jana
(au juzi? Ndege ilimeza siku moja njiani
na haikurudisha chenji)
tulikuwa tunagombania kivuli cha mwavuli.
Leo tunatafuta kuni zisizolia maji.

Bi Tipene wa jirani anamleta paka
na nusu chupa ya maziwa, Mungu ambariki.
Sajini ananikagua kama karani wa mahakama,
anageuka, ananipa mgongo.
Kesi imeahirishwa.

Siku mbili tulikuwa wageni humu ndani,
tukiuliza vijiko viko wapi,
tukila mkate wa kwenye friza,
masanduku yamelala koridoni na vinywa wazi.
Ya tatu nikajipa jembe:
nikafua. Mchanga ukabaki chini ya mashine,
mweusi, wa volkano, kiganja kimoja.
Nikasimama nao pale bila kujua
kama ni uchafu.

Dukani, nyuma ya kaunta ya dawa,
"Umerudi! Haya, ilikuwaje?"
Nafungua kinywa. Nina soko la samaki mle,
nina kengele, nina bibi mmoja aliyenimenyea pichi
bila kunijua, akanilisha kwa kisu chake.
Lakini wanataka dawa ya kikohozi.
"Nzuri," nasema.
Miaka sita ya kuweka akiba,
herufi tano.

Ngozi ya mikono imeanza kubanduka
chini ya sweta, mahali pasipoonekana na mtu.

Saa tisa ya usiku. Macho makavu kama kokwa.
Nanyoosha mkono: upande wake mtupu.
Yuko jikoni gizani, amesimama,
anakula mkate na mafuta ya zeituni juu ya sinki
ili asichafue sahani.
"Kule saa hizi ni kumi na moja jioni," anasema.
"Yule wa malimau anafunga kibanda."
Namwambia bado, hufunga kumi na mbili.
Tunabishana hilo kwa raha, kwa sauti ya chini,
ingawa hakuna wa kumwamsha.
Habari za Katania hatuzitaji:
ile siku nzima ya kununiana, sababu ramani,
yeye mbele, mimi nyuma,
kama watu waliokutana kwenye foleni.

Lakini kule alinishika mkono.
Sisemi mapenzi. Nasema pikipiki:
zilitoka vichochoroni kama nyuki waliochokozwa,
na kila tulipovuka barabara
kiganja chake kilikuja chenyewe,
kikubwa, kina jasho, kimeniogopea.
Hapa barabara ni pana kama uwanja wa ndege
na mikono yake inakaa mifukoni.

Jumatano, siku ya pipa. Bado giza.
Gurudumu moja limevunjika tangu Pasaka
kwa hiyo tunalikokota wawili,
barafu nyembamba ikikatika chini ya viatu kama biskuti.
Mle ndani vipeperushi vya wiki tatu,
onyo la daktari wa meno, maganda,
na ramani. Niliitia mimi.
Aliniona, akatazama dirishani.

Lori la taka hupita ng'ambo.
Pale ukingoni Selwyn anasimama,
anageuza shingo, anaangalia
upande usio wetu,
upande ambao magari hutokea kule.

Hakuna gari. Hakuna pikipiki.
Pengine pengwini mmoja, aliyechelewa kurudi baharini.

Mkono unatoka mfukoni.
Sisemi kitu, nisije nikaurudisha.
Mwingine umeshika pipa,
wangu mwingine pia,
tunavuka upandeupande kama kaa,
polepole kuliko inavyohitajika.